Dokta Clemence na Laptopu Mbili

Ifahamike kwa wananchi wote wa Rutamba, wenye mikorosho na wasio na mikorosho, kwamba siku ya Jumamosi, Mungu akipenda, Ndugu Ismael Iddi, mhitimu wa kidato cha sita na msomi mtarajiwa wa Dodoma, atashuka Lindi mjini kukabidhiwa rasmi kompyuta mpakato yake ya kwanza. Wananchi mnaombwa kujitokeza barabarani kwa utulivu.

Tangazo hilo Ismael alilitoa kwa sauti ya mkuu wake wa shule, amesimama juu ya ndoo yenye kifuniko, mkono mmoja kifuani. Aliyejitokeza ni shangazi yake Adija, tena si kwa utulivu. Alimwambia ashuke, ndoo hiyo ni ya maji ya kunywa, na hiyo kompyuta anayoitangaza yeye bado hajaamua kama atainunua.

Na mwenye kuamua alikuwa yeye. Bi Adija ndiye aliyemlea Ismael tangu baba yake alipofariki, ndiye aliyemsomesha bweni, na ndiye aliyeshika fedha za korosho za msimu ule. Laptopu ingenunuliwa moja tu, na ingepaswa kumfikisha kijana mwisho wa chuo cha ualimu. Wakikosea kuchagua, hakuna ya pili.

Tatizo ni kwamba Bi Adija alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku kwa kipaji na alishuku kwa ajira. Kwa miaka mingi, na hata msimu ule, alikuwa mkaguzi wa korosho kwenye ghala la chama cha msingi, na hakuna kitu kinachomfundisha mtu tabia za wanadamu kama gunia la korosho. Nzuri huwekwa juu, mbovu hulala chini, na katikati wengine hutia mchanga ili mizani iseme uongo kwa niaba yao. Kwa hiyo Bi Adija hakulifungua gunia kwa juu hata siku moja. Alilipindua, akafumua mshono wa chini, akatia mkono hadi kwenye kiwiko. Nzito kupita kiasi alisema ina jambo. Nyepesi kupita kiasi alisema ni ganda tupu. Tabia hiyo alitoka nayo ghalani akaenda nayo kila mahali. Sokoni alifunua mashavu ya samaki aliyelala chini kabisa ya beseni, na jirani alipoletewa posa ya binti yake, Bi Adija hakuuliza habari za bwana harusi. Aliuliza habari za kitinda mimba wa kwao.

Laptopu zenyewe, kwa kadiri Ismael alivyochunguza, zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na nyepesi, nyembamba, inayoingia kwenye begi pamoja na madaftari na kukaa na chaji tangu asubuhi mpaka vipindi viishe. Kila mwenye akili timamu humshauri mwanafunzi anunue hiyo. Kisha kulikuwa na nzito, nene kama tofali, yenye kadi ya picha na feni mbili zinazovuma kama mashine ya kusaga. Chaji yake hufa upesi, lakini kwa kuediti video haina mpinzani. Ismael alijifunza kuediti kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, mashine iliyoganda kila alipoikatia kipande cha pili, na tangu hapo aliota kitu kisichoganda.

Angeweza kumweleza shangazi yake hivyo hivyo, kwa maneno ya kawaida. Lakini kijana aliyewahi kulipanga bweni zima kwenye foleni ya chanjo isiyokuwapo hawezi kupita njia iliyonyooka wakati kichochoro kipo. Badala ya kueleza, akamzaa Dokta Clemence.

Dokta Clemence alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam. Alivaa koti, miwani isiyo na vioo, na ndevu nyeupe za sufi. Sauti yake ilitoka chini kama ya mtu anayezungumzia kisimani, na kazi hiyo ilifanywa na programu ya simu. Video ilipokamilika, Ismael alimtumia binamu yake Zuhura, akidai ameiokota mahali. Zuhura aliirusha kwenye kundi la ukoo, ikazunguka kwa wajomba na wakwe, na ilipomfikia Bi Adija tayari ilikuwa na heshima ya kitu kilichotoka mbali.

Ismael alijua kwamba sifa hazimwingii shangazi yake, kwa hiyo Dokta hakusifu kitu. Alionya. "Usimwamini muuzaji," alisema Dokta, kidole juu. "Akikusukumia laptopu nyepesi, jua huo ni mzigo uliomlalia dukani."

Bi Adija aliitazama mara mbili. Kisha akatoa kauli ambayo hakuwahi kuitoa juu ya mtu yeyote mwenye koti.

"Huyu anawajua watu," alisema.

Jumamosi walishuka Lindi. Duka lilikuwa la kijana mmoja aitwaye Brighton, mgeni wa mji, ambaye rafu zake zilikuwa bado hazijajaa na kibao cha nje kilikuwa bado kinanuka rangi. Alitoa shikamoo kabla hawajavuka kizingiti. Bi Adija aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeweka akiba. Brighton aliwapa viti, akauliza kijana anakwenda kusoma nini, na alipoambiwa ualimu, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye laptopu nyepesi.

Alieleza kwa upole kwamba mwanafunzi atatembea nayo kutwa, kwamba chaji yake inakaa, na kwamba hata video inaziediti. Si filamu za vita, lakini harusi na mahafali inazimaliza bila taabu. Ile nzito, alisema, itamuumiza mgongo kijana wa watu na itamlazimisha kukaa karibu na soketi kama mgonjwa.

Yote yalikuwa kweli. Ismael alijua ni kweli, na alitazama dari.

Bi Adija alimtazama Brighton kwa macho yale ya ghalani. "Imekulalia tangu lini?"

Brighton hakuelewa. Alisema imeingia wiki hii hii. Bi Adija akazibeba zote mbili, moja mkono huu, moja mkono ule, akazipandisha na kuzishusha kama mtu anayepima majogoo. Akatega sikio kwenye feni.

"Hii nyepesi umetoa nini ndani?"

"Sijatoa kitu, mama."

"Na hii nzito umetia nini?"

Brighton akacheka. Lilikuwa kosa lake pekee siku ile, lakini lilitosha. Bi Adija alipaza sauti kiasi cha kuwafikia wateja wawili waliokuwa wakichagua makava ya simu. Alisema yeye si wa kuchekwa, ameonywa mapema juu ya watu wa aina hii na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, na kila mwenye fedha za korosho katika upande wake wa nchi hupita mbele ya meza yake ghalani. Atamwambia kila mmoja wao asikanyage hapa.

Mteja mmoja alirudisha kava kwenye ndoano yake, polepole, kama mtu ambaye hakuwa amelishika. Brighton aliacha kucheka. Msimu wa korosho ndio msimu ambao watu wa Lindi hununua simu na redio. Duka lisilopata msimu wake wa kwanza halifiki wa pili. Dokta Clemence alizaliwa ili auze laptopu moja, hakuzaliwa afunge duka la mtu. Ismael akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, kwamba labda huyu kaka si mtu mbaya.

Shangazi alimwambia yeye bado mtoto, hajui watu. Akatoa simu, akamwonyesha Brighton ile video.

Brighton aliitazama mpaka mwisho. Kisha akamtazama Ismael. Kisha akaomba kuirudia.

"Huyu dokta," aliuliza, "ofisi yake iko wapi?"

"Dar," alisema Ismael, haraka kuliko alivyoulizwa.

Brighton aliitika kwa kichwa. Alirudisha simu kwa mikono miwili, akasema kama mama anashuku, basi mama ajionee. Wafungue kazi ya video kwenye mashine zote mbili, aone ipi inaweza na ipi haiwezi. Yeye anayo moja ya kujaribia, ipo tayari.

Bi Adija akatabasamu. Kitu kilichoandaliwa na muuzaji, alisema, ni korosho za juu. Kijana wake anazo kazi zake mwenyewe.

Flashi ya Ismael ilikuwa mfukoni. Alikuja nayo kwa sababu wiki nzima alikuwa amejigamba kwamba mashine hainunuliwi bila kujaribiwa. Aliitoa, akaichomeka, akafungua ya kwanza, harusi moja ya Mitwero aliyoirekodi likizo. Kwenye nzito ikapita kama maji. Kwenye nyepesi ilisita kidogo mwanzoni, kisha nayo ikapita, bi harusi akazungusha kanga yake na picha ikazunguka naye. Ismael alishika flashi ili aichomoe.

"Ngoja," alisema Bi Adija. "Hiyo umeichagua wewe. Nataka ile ya chini kabisa."

Ya chini kabisa kwenye orodha iliitwa Fizikia Marudio. Ismael alieleza kwamba hiyo haina video, ni masomo tu, tena magumu, yanachosha macho.

"Fungua fizikia."

Kipanya kilikuwa mikononi mwa Brighton, na Brighton alikuwa kijana mtiifu kwa wakubwa. Akabofya.

Kwenye kioo cha laptopu nyepesi akatokea Dokta Clemence akiwa bado hana ndevu. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Ismael. Alisema, "Usimwamini muuzaji," sauti ikakwaruza, akaanza upya. Kipande kilichofuata alikuwa na ndevu, zikamdondoka. Alizirudisha juu chini. Akasema tena, "Usimwamini muuzaji," mara hii kwa kidole, na kidole kikamchoma jicho kupitia ile miwani isiyo na vioo. Wateja wa makava walisogea karibu. Mmoja alikuwa anacheka wazi wazi. Kisha Dokta aliinama karibu kabisa na kamera, akavua miwani, na kwa sauti ya Ismael, sauti yake halisi yenye furaha, akasema, "Mkaguzi mzima wa korosho. Leo nitamlisha mchanga na atasema mtamu."

Picha haikukwama hata kidogo. Ismael aliomba ikwame.

Bi Adija alibaki akitazama kioo kilichokuwa kimerudi kuwa cheusi. Alipoinuka, hakumgeukia mpwa wake. Alimgeukia Brighton, akajifunga vizuri kanga, na mbele ya wateja wale wale akasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Brighton alisema hamna neno, mama, akaangalia viatu vyake. Ismael hakuwahi kumsikia shangazi yake akimwomba mtu msamaha. Hakujua kwamba maneno hayo anayo.

Ndipo akageuka.

"Sema."

Ismael alisimama. Mkono ulipanda kifuani wenyewe. "Ndugu wananchi," alianza.

"Kwa sauti yako."

Mkono ukashuka.

"Dokta ni mimi," alisema. "Sufi niliichomoa kwenye mto wako. Nilimpa Zuhura, yeye hajui kitu. Kaka hapa hajasema uongo hata mmoja, uongo wote ni wangu. Na nyepesi inatosha. Nilijua tangu zamani kwamba inatosha."

"Sasa nzito ya nini?"

Majibu ya kuchekesha yalikuwapo, na mawili kati yake yalikuwa mazuri sana. Ismael alimtazama shangazi yake na yakamwisha.

"Nyepesi ni laptopu ya mwalimu," alisema. "Nilidhani nikiwa na ile nzito hakuna atakayeniona mwalimu. Mimi sitaki ualimu, shangazi. Nataka kwenda kusomea hizi video. Nilijaza ualimu kwa sababu ulishawaambia wenzako wote ghalani kwamba mtoto wako anakuwa mwalimu, na nilikusikia ukiwaambia. Ulikuwa umefurahi sana. Nikashindwa kukwambia."