Floraidi ya Ndera

Mukasine hakuwahi kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Alikulia Tanzania, chini ya Mlima Meru, walikokimbilia wazazi wake kutoka Rwanda, na maji ya kule yana floraidi kupita kiasi. Meno yake yaliota ya kahawia, yakabaki hivyo. Shuleni walimtania mpaka akachoka kulia. Aliporudi Kigali aliapa jambo moja tu: binti yake Trinah, aliyekuwa bado mdogo wa chekechea, hatapata aibu ile.

Sasa mwambie mama wa namna hiyo kwamba floraidi inatiwa kwenye tangi la mtaa!

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya wakazi wote, huko Ndera pembezoni mwa jiji. Watu walikuwa wamechimba mtaro asubuhi nzima, na kama kawaida mkutano ukafuata papo hapo, kila mtu na jembe lake mkononi. Clovis, mdogo wa mume wa Mukasine na fundi wa kisima cha mtaa, akasimama kueleza. Watoto meno yanawaoza, alisema, maji ya kisima yamepimwa na floraidi yake haitoshi, hivyo daktari wa meno wa kule Gisimenti ameshauri iongezwe kidogo, kwa kipimo. Maskini, neno kipimo alilirudiarudia. Mukasine alisikia floraidi tu.

Akapenya katikati ya watu, akageuka, akafunua mdomo wake wote hadharani kwa mara ya kwanza maishani.

"Tazameni," alisema. "Hii ndiyo dawa yake. Anataka kuwapa watoto wenu."

Wanawake wakashika vichwa. Johnson, jirani mwenye mapacha, akamkaba Clovis shati akimuuliza nani amemtuma. Clovis akamsukuma, na hapo hapo mpini wa jembe ukamshukia begani. Lo! Watu waliokuwa wakitaniana mtaroni muda mfupi tu uliopita wakamvamia. Wakampiga mbavu, wakampiga magoti mpaka akaangukia tope walilolichimba wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, lakini nani wa kumsikiliza? Kidole cha Clovis kilivunjika, na Mukasine alikisikia kikivunjika.

Angeweza kuwazuia. Yeye ndiye aliyewachochea, wangemsikia. Lakini Clovis, damu ikimtoka puani, alitambaa hadi miguuni pake, akamshika gauni.

"Shemeji," alisema, "ya kule ni nyingi mno. Hii ni kidogo. Hata Trinah, magego yake..."

Jina la mtoto likampandisha wazimu. Akainua jembe, akamtandika mpini mdomoni kwa nguvu zake zote. Meno ya mbele yakatoka na damu, meupe pee, yakadondokea viatu vyake. Hapo ndipo watu walipoacha, wakasimama wakihema.

Clovis alipona. Mukasine alilala mahabusu mpaka shemeji yake aliposema amemsamehe, na floraidi haikutiwa. Alipokuwa ndani, Trinah aling'olewa magego mawili yaliyooza, akipiga mayowe, na aliyempakata kwenye kiti cha daktari ni huyo huyo baba yake mdogo.

Jumapili moja Clovis alikuja kula kwa kaka yake. Trinah akamchekesha kwa kumwigiza mbuzi wa jirani. Clovis alicheka sana, kisha akainua haraka mkono wenye kidole kilichopinda, akaziba mdomo.

Mukasine akaweka sahani chini, akatoka nje.