Wanaopima Nyumba ya Kwai

Sharifa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Lushoto mjini, na faida yake aliiingiza kwenye viwanja na nyumba. Alikuwa mtu wa Tanga, mgeni milimani, na bila Mika asingepata hata robo ya alivyonunua. Mika alizaliwa huku, mkulima wa Kilutheri mwenye sauti ya kwaya na kikohozi kisichoisha, anayejua nani anataka kuuza kabla mwenye mali hajatamka. Wao na wenzao wawili walipeana habari za mali zinazouzwa, kwa sharti moja: ukionyeshwa nyumba na mwenzako, huirudii peke yako. Mtarudi pamoja au hamrudi.

Nyumba ya Bibi Dorkasi iko juu ya kijiji cha Kwai, ya mawe, ya enzi za Wajerumani, nyuma yake mivinje imesongamana mpaka kwenye kilele. Mika ndiye aliyeipata. Siku waliyokwenda, bibi aliwapokea barazani.

"Onga mshi," bibi alimsalimu Mika kwa Kisambaa.

Sharifa naye alimwamkia kwa Kiswahili: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, ukungu usiwakute nje."

Alikuwa anahamia Moshi kwa binti yake. Aliwatembeza chumba kwa chumba, akawapa chai ya maziwa, na walipoondoka walikubaliana kurudi Jumamosi kuzungumza bei. Garini Sharifa hakuweza kuficha furaha. Tayari alikuwa anaona wageni wa kitalii wameketi kwenye ile baraza.

Alhamisi alimpigia bibi simu kuuliza kama maji ya bomba hutoka kiangazi.

"Yanatoka," bibi akasema. "Lakini kwa nini usimuulize mwenzio? Si yuko hapa, anapima ukuta wa nyuma."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo uliyekuja naye. Tangu asubuhi anazunguka nyumba na futi yake."

Sharifa akaibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya bibi alisikia mtu akikohoa, kikohozi kile kile kikavu, mara mbili halafu kimya.

Angeweza kumpigia Mika. Simu ilikuwa mkononi. Lakini alijiambia kwamba mtu anayekuzunguka hakosi la kusema, na kwamba ukimuuliza unampa nafasi ya kuwahi. Miaka yote hiyo ya kuaminiana ikamgeuka moyoni kwa muda wa pumzi chache. Alimwachia duka Happiness, msaidizi wake, akawasha gari.

Alipofika Kwai ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa madirisha, ingawa mchana ulikuwa haujakwisha. Alimwona Mika kabla hajazima injini. Koti lake la kijani, mgongo wake ulioinama kidogo, futi ya chuma inaning'inia mkononi. Alikuwa anapita pembeni ya nyumba kuelekea nyuma.

"Kaka Mika!" Sharifa aliita. "Ndiyo tulivyokubaliana?"

Hakugeuka. Alitembea taratibu, kama mtu asiye na haraka wala asiyeitwa, akapinda kona. Sharifa alimfuata mbio. Nyuma kulikuwa na mivinje tu na maji yakidondoka majanini.

Bibi Dorkasi alimkuta amesimama hapo.

"Umekuja tena, mwanangu?"

"Tena? Sijaja tangu tulipokuja wote, bibi."

Bibi alimtazama kwa mshangao. "Na jana? Ulipima sebule yote. Nikakukaribisha chai, hukujibu. Nikasema labda watu wa Tanga wakifanya kazi hawaongei."

Hapo simu ya Sharifa ikalia. Ilikuwa Mika. Nyuma yake watu wengi waliimba wimbo wa mazishi.

"Dada Sharifa, niko Rangwi, tunamzika mjomba. Nimepata mtandao sasa hivi. Jana, kabla sijaja huku, Bibi Dorkasi alinipigia akasema uko kwake, unapima. Nikamwambia bibi, umemfananisha. Sharifa haendi peke yake. Nimeona nikuambie tu, labda kuna dalali anajifanya wewe. Uko dukani?"

Sharifa alifungua kinywa. Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi, lilishafika kwenye ulimi. Kisha upande wa pili wa dirisha la sebule, ndani ya nyumba, aliona mwanamke mwenye mtandio wa zambarau kama wake akipita, ameinama, akivuta futi sakafuni. Bibi Dorkasi alikuwa pembeni yake, hapa nje. Na bibi aliishi peke yake.

"Niko Kwai, kaka," alisema. "Nimekuja peke yangu. Nilidhani umenizunguka."

Wimbo wa Rangwi ukafifia; Mika alikuwa anajitenga na waombolezaji.

"Toka humo ndani."

"Niko nje."

"Basi kaa barabarani. Nakuja."

Alikuja na pikipiki, suti ya msiba imejaa matope. Hakumlaumu, hata hakumtazama vizuri. Walizunguka nyumba pamoja. Kwenye udongo laini chini ya kuta kulikuwa na nyayo za aina mbili, za kiatu kikubwa na za kiatu cha kike, zimekanyaga bega kwa bega, nyumba nzima, mzunguko juu ya mzunguko. Mika aliweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Uliingia sawasawa. Sharifa alikataa kuweka wake.

Walimuaga bibi kwa heshima, wakamwambia hawatanunua. "Poleni," alisema, kana kwamba wao ndio waliofiwa.

Sharifa mwenyewe aliwaambia wenzao alichofanya. Walimweka kando, na kwa msimu mzima hakuna aliyemwonyesha hata kiwanja. Mika hakumtetea, ila aliendelea kupita dukani kununua misumari na kuuliza hali.

Masika yalipoisha Mika alimpeleka kuona shamba karibu na Soni. Walipanda kilima bila maneno mengi, mpaka Sharifa akashindwa kuvumilia.

"Kaka, bibi alipokuambia niko kwake. Hukunishuku hata kidogo?"

Mika alikohoa, akasimama kupumzika.

"Nilivaa koti, nikawasha pikipiki," alisema. "Halafu nikawaza: nikienda na moyo huu nitakukuta kule, hata kama hujaenda. Nikaizima."

Akaendelea kupanda. Sharifa naye akamfuata, na mwenye shamba akawaita kutoka juu, akiwaonyesha kwa mkono mpaka wa shamba ulipoanzia.