Viti Mbele ya Lupango la Papa Zéphirin

Watu wa mtaa wetu wa Panda ukiwaita kwenye kilio, watakuja hata na homa. Waite waje kukaa na mtu aliye hai, kila mmoja atakuwa na kazi. Nayasema haya kwa hasira kwa sababu mwenye kuwaita ni mimi, Albertine, na nimechoka.

Shirika letu, hiyo jumuiya ndogo ya parokia, lilinipa kazi ya kuwatafutia wazee wanaokaa peke yao watu wa kukaa nao. Siku hiyo nilipigiwa makofi mengi. Tangu hapo, tukipanga kumtembelea mzee, mlangoni tunafika mimi na Hervé, katibu wangu, ambaye anapenda hotuba kuliko watu. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini angalau debe hili huja.

Mzee aliyeninyima usingizi ni Papa Zéphirin. Wazazi wake walitolewa Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, yeye akazaliwa hapa hapa Likasi, akazeekea kiwandani. Miaka ile Wakasai walipofukuzwa, nduguze walipanda treni kurudi Kasai. Yeye akabaki na mkewe. Mke alipofariki, mzee akafunga mlango. Majirani wakasema anajivuna. Yeye akasema hawamtaki. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenzake.

Sasa mpwa wake Gauthier alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua ampeleke Mbuji-Mayi, mji wa huko Kasai ambao mzee hajawahi kuuona hata kwa picha. Gauthier si mtu mbaya. Aliniambia kwa simu, “Maman, kama Papa angekuwa na bantu kule, minye ningemuacha. Lakini kila mara nakuya, namukuta na radio yake tu.”

Nilipomwambia mzee maneno hayo, alizima redio.

“Mbuji-Mayi minye najua nani? Nikufie mu bantu benye sijue?”

Basi nikaapa kwamba Gauthier atamkuta na watu. Nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mahali, “Tutafika, Maman.” Mamie, anayeuza samaki wakavu na kukaa ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mzee, naye akasema, “Tutafika.” Hiyo “tutafika” naijua. Ni njia ya heshima ya kukufungia mlango.

Jumamosi mawingu yalitanda. Nikamtuma Hervé aazime turubai na viti vya plastiki parokiani. Ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba yake, mzee amelima mahindi hadi kizingitini, hakuna pa kuweka hata stuli, kwa hiyo Hervé akalifunga turubai nje, kando ya barabara, akapanga viti vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakaanga mikate, maandazi yetu.

Nimezaliwa mji huu. Nani asiyejua turubai na viti mbele ya lupango vina maana gani? Mimi, siku hiyo. Na Hervé, mwenye maneno yote ya dunia.

Nikasikia ukelele barabarani.

“Yooo! Papa Zéphirin weee! Unatuachia nani?” Alikuwa Mamie, kitenge kimemlegea, mikono kichwani. Kwetu anayelia humwambia marehemu matendo yake, na Mamie alimwambia yote, hata habari ya kinga, ile baiskeli ya mzee. “Weye njo ulibeba mutoto wangu ku hôpital na kinga yako! Mu mvua! Ulisukuma kinga mpaka ku Shituru, weye na mutoto wangu mu mugongo! Yooo!”

Nyuma yake mtaa mzima. Wanawake walikaa chini, wanaume wakajaza viti, vichwa vimeinama. Watu walewale! Nikatoka mbio na unga mikononi.

“Hakufa! Iko muzima!”

Mama mmoja akanikumbatia kwa nguvu. “Jikaze, Maman. Mungu njo anapanga.”

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: Gauthier akafika wakati huohuo. Akaona turubai, akasikia vilio, akaketi chini pale barabarani akaanza kulia kama mtoto.

Ndipo mlango ukafunguka. Papa Zéphirin alisimama kizingitini, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la Jumapili. Vilio vikakatika. Kisha wakanigeukia mimi.

“Maman Albertine, unatuchezea?”

“Donc hakuna kilio? Minye nilifunga duka!”

Wakaanza kuinuka. Damu ikanipanda kichwani.

“Kama angekufa, mungelala hapa siku tatu!” nikapiga kelele. “Sababu iko muzima, saa moja tu inawashinda?”

Waliondoka wawili wawili, wakikung'uta nguo. Hervé akachagua dakika hiyo kukohoa na kuanza, “Ndugu wapendwa…” Nikamwambia afunge kinywa. Nilitaka kulia, si kwa huzuni, kwa hasira.

Mamie naye alikuwa anajifunga kitenge, ameona aibu, macho chini. Papa Zéphirin akapita katikati ya mahindi yake, akatoka hadi barabarani, akasimama mbele yake.

“Mamie. Ile maneno ya kinga. Ungali unakumbuka?”

“Papa, kila siku nakumbuka.”

“Juu ya nini hukuniambia?”

“Mulango yako inafungwaka, Papa.”

“Na yako.”

Mzee akavuta kiti akaketi, kisha akamvutia kingine.

“Ikala. Sema yote yenye ulikuwa unalia. Sasa minye iko hapa, nasikia.”

Mamie akaketi ukingoni. Akaanza kwa sauti ndogo, ya mtu asiyejua kusifu bila machozi: ile mvua, ule mlima wa Shituru, mnyororo wa baiskeli uliokatika njiani. Mwenye duka, aliyekwisha fika kona, alisimama. Sijui alisikia nini. Alirudi akaketi kiti cha nyuma kabisa, amekunja uso.

Gauthier alifuta macho, akamsogelea mjomba wake.

“Papa, tuende. Gari inatungojea.”

Mzee hakugeuka. Aliinua mkono tu.

“Ngojea kwanza. Mamie bado kumaliza.”