Misuko ya Upande wa Kushoto

Kuna kuchoka kusikotibika kwa usingizi, jamani. Msusi huyu alilala vizuri tu, akaamka hoi, maana kutwa nzima alikuwa na kazi mbili: kusuka vichwa vya watu, na kujichunga asipotee.

Kupotea ndilo neno lake. Daktari alimweleza kwamba utotoni alibeba mambo mazito kuliko umri wake, akili ikajigawa ili aweze kuishi, na hadi leo sehemu moja ikishika usukani, nyingine haijui kilichotendeka. Si pepo, wala si wazimu. Akamfundisha kujishika: sauti zikianza kwenda mbali, abonyeze meno ya kitana kiganjani, ataje moyoni anachokiona. Kiti. Kioo. Ndoo. Siku nyingi ilisaidia. Siku nyingine, wapi.

Saluni ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Kazi ilipoharibika mara ya kwanza, msusi alisingizia usingizi. Mara ya pili, dawa za kikohozi. Njia ya mwongo fupi, na wifi si mtoto wa jana. Akamwambia kweupe kwamba undugu ni wa nyumbani. Kichwa kingine kikiharibika, achukue vitana vyake aende. Msusi hakuwa na kazi nyingine, wala nguvu za kuitafuta.

Ndipo akaja mwalimu mmoja, kesho yake ana harusi ya bintiye, anataka mistari myembamba ya kwenda nyuma. Kukaa tu, akasinzia. Kwenye kiti cha jirani mtoto wa mteja akaanza kulia, kilio kile cha kuomba asipigwe. Msusi akabonyeza kitana. Kiti. Kioo.

Akili ilipomrudia, yule mtoto na mama yake walishaondoka, na kichwa kimekwisha. Kulia, mistari myembamba, imenyooka. Kushoto, misuko minene iliyopinda, kama ya watoto wanaosukana uani.

Mwalimu alikuwa ameamka, anajitazama kiooni. Wifi alikuwa amesimama nyuma yao.

Msusi akatafuta uongo. Haukukosekana, ila alichoka kuubeba.

“Wifi, mikono ni yangu, lakini upande huu sikuusuka mimi. Kuna mtoto ndani yangu. Nikiogopa, yeye ndiye anayebaki.”

Akaeleza yote, polepole. Mwalimu akauliza huyo mtoto ana miaka mingapi. Labda saba, msusi akasema. Mwalimu akaigusa ile misuko, akasema kwa miaka saba amejitahidi, ila harusini haendi nayo.

Wifi hakucheka. Akavuta kigoda, akaanza kufumua upande wa kushoto, akisonya. Akasema kuanzia kesho watashika kichwa kimoja wawili, akiona mikono imebadilika atamwita arudi. Msusi akaitikia, akijua hata hiyo kesho itachosha.

Walipomaliza, wifi akaingia stoo, akatoka na kile kichwa cha plastiki cha kufundishia wasusi wapya. Akakifuta vumbi, akakiweka mezani, mbele ya kiti kitupu.

“Hiki ni chake,” akasema. “Akija, akae hapa, asuke anavyotaka. Vichwa vya wateja asiguse.”

Msusi akalia. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kumpa yule mtoto mahali pa kukaa, hata yeye mwenyewe.