Basi la Mzunguko wa Mlimani

Orest alimwona tangu mbali. Bi Aili Rantala alikuwa amesimama langoni kwake kama kawaida, koti limefungwa hadi kidevuni, mikono miwili juu ya kigari chake cha kutembelea, na ndani ya kikapu cha kigari umo mfuko wa chakula cha mumewe. Alipoliona basi aliinua mkono. Hakuwa akilisimamisha, maana miaka yote hiyo hakuwahi kuhitaji kulisimamisha. Alikuwa akisalimu tu.

Orest hakugusa breki.

Alimpita, akaenda hadi kwenye nguzo ya kituo, kule barabara inapokata kona kuteremka mjini. Akasimama, akafungua mlango, akatazama kwenye kioo cha pembeni. Mkono wa Bi Aili ulikuwa bado juu. Kisha ukashuka, na yule mama akaanza kuja, polepole, juu ya barafu.

"Dereva, vipi tena?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Wenzako tunachelewa kazini."

"Namsubiri mtu."

"Si umempita mwenyewe pale? Ungemchukua tu."

Orest alizidi kutazama kioo. Kando ya usukani, kidubwasha kinachopima dakika za kuchelewa kiligeuka njano, kikakaa, kikawa chekundu.

Usimhukumu upesi. Nimeendesha mabasi ya mji huu wa Port Hallam pamoja na Orest Dubyk tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, na katika yadi yetu hapakuwa na dereva mwenye moyo laini kumshinda. Kila msimu tunapochagua njia, mkongwe wa kazi huchagua kwanza, na yeye angeweza kuchukua njia ya hospitali, tambarare, lami imepigwa chumvi ya kuyeyushia barafu mpaka imekuwa nyeupe. Hakuichukua hata mara moja. Alichukua mzunguko wa Mlima wa Wafini, ambao sisi wengine tuliukwepa kama ukoma. Kule juu wanakaa wazee watupu, na nguzo za vituo zilichimbiwa na watu ambao hawajawahi kupatembelea mwezi wa kwanza, barafu ikiwa imetanda. Kwa hiyo Orest alikuwa akiwapakia malangoni kwao, mmoja mmoja. Sheria haikuruhusu, na sote tulijua, na wakubwa walijifanya hawajui.

"Orest," dereva mwenzetu Gord alikuwa akimtania, "wewe ni dereva au mjukuu wa kukodi?"

"Kukodi wapi, bwana. Mjukuu wa bure."

Ndipo idara ya usafiri ikaweka vifaa vya kuhesabia abiria kwenye kila mlango, na ikamleta meneja mpya wa takwimu, Colleen Tranter. Tulimchukia kabla hajafungua kinywa, na kwa hilo tulimwonea. Ni hesabu zake zilizoonyesha jinsi wauguzi walivyokuwa wakiachwa kwenye theluji, mabasi yakipita yamejaa, na ni yeye aliyewapigania wakaahidiwa mabasi zaidi. Lakini basi halioti kama uyoga. Lazima litolewe kwenye njia isiyo na watu. Colleen alitutandazia ramani ukutani, njia zenye watu zimekolea rangi, na pale juu mlimani palikuwa na kijivu kitupu. Hakuna abiria.

Orest alimfuata ofisini, kofia mkononi.

"Mimi nabeba watu kule kila siku ya Mungu," alisema. "Wewe unasemaje hakuna?"

Colleen hakubisha. Aligeuza kompyuta ili waione wote wawili, akatafuta, akatafuta tena.

"Unawapakilia wapi?"

"Malangoni kwao. Kuna barafu, dada."

"Ah, Orest." Alivua miwani. "Mlango ukifunguka mbali na nguzo, kompyuta haijui ni nini. Inadhani umekwama njiani, umefungua upate hewa. Inafuta. Imekuwa ikifuta tangu siku ya kwanza."

"Kwa hiyo hawa wazee wangu..."

"Kwetu sisi hawajawahi kupanda basi."

Orest alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Wema wake wote ule, na kumbe alikuwa akiwafuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi warudishe," alisema. "Nimekwambia wapo."

"Nikienda mbele ya baraza la mji na neno la dereva, kila mtaa utaleta dereva wake. Nipe hesabu. Kikao ni mwisho wa mwezi. Kuanzia kesho kila mtu apandie kwenye nguzo. Usimpakie hata mmoja langoni. Ukimpakia, hayupo."

Kwa wengine pale mlimani basi lilikuwa la kwenda sokoni na kanisani. Kwa Bi Aili lilikuwa jambo jingine. Mumewe Toivo alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa pili wa mji. Akili ilikuwa imemwacha, hakumjua mwanawe wala jina lake, na hakukubali kijiko kutoka mkono wowote isipokuwa wa mkewe. Wauguzi walijaribu kila hila. Alifumba mdomo kama mlango wa benki siku ya Jumapili. Kwa hiyo kila siku Bi Aili alikwenda kumlisha, na bila basi asingefika.

Siku ile ya kwanza, alipofika mlangoni mwa basi akihema, machozi ya baridi au ya uchungu yakimteremka, alimwuliza, "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Orest alikuwa amemweleza tangu jana yake, ila masikio ya Bi Aili yalikuwa mazito. Akamweleza tena, kwa sauti, basi zima likisikia.

"Kwa hiyo nikitembea, basi litabaki?"

"Nadhani hivyo."

"Unadhani."

"Ndiyo, Bi Aili."

Alikaa kiti cha mbele, akaweka mfuko wa chakula mapajani. "Toivo alipima ngano ya watu kule bandarini maisha yake yote," alisema. "Haya. Na sisi tupimwe."

Akatembea. Alianza kutoka nyumbani mapema, na basi lilipomaliza kupanda mlima lilimkuta kwenye nguzo, peke yake, mgongo kwa upepo. Wengine hawakuweza. Mmoja mkwewe alianza kumpeleka kwa gari, mwingine alisema atasubiri theluji iyeyuke, na bwana mmoja alimwambia Orest waziwazi kwamba amekuwa kibaraka wa ofisi. Orest aliyameza. Wakati wake wa mapumziko, badala ya kunywa kahawa, alipanda na ndoo ya mchanga wa basi, ule wa kuzuia utelezi, akaumwaga njiani kutoka lango la Bi Aili hadi kituoni. Theluji ikaja ikaufunika. Akamwaga tena.

Juma la mwisho mvua ilinyesha juu ya theluji, na usiku baridi ikarudi ikaigandisha. Asubuhi mlima wote uling'aa. Orest alipopita langoni, Bi Aili alikuwa ndiyo kwanza anatoka, amechelewa. Wakatazamana kupitia dirisha. Mguu wa Orest ulikwenda kwenye breki. Naam, ulikwenda, ameniambia mwenyewe, na akauondoa.

Alikuwa ameshafungua mlango kituoni alipomwona kwenye kioo. Kigari kilitangulia peke yake. Bi Aili alibaki nyuma, amelala ubavu.

Orest alikimbia. Alimfunika kwa koti lake, akapiga magoti pale barafuni, na abiria mmoja akaita gari la wagonjwa. Nyonga ilikuwa imevunjika, hata asiye daktari angejua.

"Sikufika mlangoni," Bi Aili alisema. "Leo sijahesabiwa."

"Acha hayo, mama yangu. Acha."

"Mpelekee Toivo uji. Mtajie jina langu kwanza, ndipo utie kijiko."

Baraza la mji likakaa. Hesabu ya mlimani ilikuwa imepanda, ila haikutosha, wakaamua mzunguko ufutwe. Colleen alikuja yadini mwenyewe kumwambia Orest, hakutuma mtu, na macho yalikuwa yamemvimba.

"Nimewaeleza yote," alisema. "Wakaniuliza hesabu. Ungenitukana ingekuwa afadhali."

"Nikutukane kwa lipi? Wewe hukumpita yule mama. Nimempita mimi."

Sote tuliokuwa pale tulitazama chini.

Orest alipomaliza zamu alikwenda kule kwenye nyumba ya wazee, kama alivyokwenda jana na juzi, na sare yake ya kazi. Muuguzi alimpa bakuli la uji. Toivo alikuwa kitini karibu na dirisha, amepungua, mashavu yameingia ndani.

"Asubuhi amekataa tena," muuguzi alisema. "Daktari anasema hatutamlazimisha."

Orest alivuta kiti. "Toivo, huu umetoka kwa Aili," alisema. "Aili amekutumia. Aili."

Akainua kijiko. Midomo ya mzee ilibaki imefumbwa.

"Mkono utakuuma, baba," muuguzi alimwambia. "Nina wengine wa kulisha. Ukichoka, acha bakuli hapo mezani."

"Sijachoka."

Uji ulikuwa umeanza kupoa. Orest alikiacha kijiko palepale, karibu na ile midomo, akalitaja jina tena, taratibu. Toivo alikuwa akitazama kupita bega lake, kule mlangoni, kuona ni nani anayekuja.