Wapangaji Wanne

Dada alikohoa mpaka akashika ukingo wa meza ya Karani, mdogo wake, na vumbi la saruji likamwagika kutoka kwenye kilemba. Mkononi alikuwa na karatasi ya zahanati ya kampuni: *Ana miezi saba kazini. Hastahili matibabu.*

"Miezi saba!" Karani aliwaka. "Miaka kumi na minne unameza saruji ya watu!"

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Si nilihamishwa tena?"

Tajiri alikuwa na kampuni nne, ua mmoja, geti moja, vumbi lile lile. Kabla mfungaji mifuko kama Dada hajatimiza miaka mitano katika kampuni moja, ambayo ndiyo ingempa haki ya kutibiwa mapafu, anahamishiwa kampuni ya pili, hatua ishirini, anaanza upya. Barua zote aliziandika Karani mwenyewe. Hilo ndilo lililomkereketa zaidi.

Wiki hiyo Fundi wa kompyuta alileta programu mpya ya kuendeshea biashara, ile ya kukodi, inayokaa huko mtandaoni, wenyewe wanaita wingu. Akamwuliza Karani: kampuni zote ziwe mpangaji mmoja ndani ya programu, au wapangaji wanne, kila mmoja na mlango wake?

"Tofauti yake?"

"Akiwa mmoja, mtu ana faili moja popote alipopita. Wakiwa wanne, hawaonani kabisa."

Eti wapangaji! Karani akacheka. Mpangaji alimjua: ni yule anayehamishwa. Akaomba majaribio yafanywe kwa mpangaji mmoja, akaingiza majina yote, na jina la Dada likajikusanya, miaka kumi na minne, mstari mmoja. Loo, alifurahi! Siku tatu alitembea kama mwenye harusi. Tajiri atakiona cha mtema kuni. Kikao alikipanga mwenyewe, siku ambayo Mkaguzi wa kazi wa serikali angekuwepo.

Siku ya kikao, picha ya programu ikawaka ukutani. Majina mia mbili na ushee, kila moja na miaka yake. Jasho likamtoka Tajiri, na Karani akaliangalia bila haya, akitamani litoke zaidi.

"Mheshimiwa Mkaguzi, huyo wa tatu ni dada yangu. Ana miaka tisa anastahili kutibiwa. Anayekohoa hapo nje ndiye huyo."

Mkaguzi akavaa miwani, akasoma taratibu, kisha akamgeukia Fundi.

"Na wakiwa wapangaji wanne, haya hayaonekani?"

"Hayaonekani, mzee."

"Hata nikija kukagua?"

"Utaona kampuni moja moja."

Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. "Shemeji yenu nyumbani ana kampuni mbili," akasema. "Hebu nipe namba yako ya simu."

Tajiri alicheka mpaka kiti kikalia. "Basi wawe wanne! Karani, umetusaidia. Bila wewe tungeingia mkenge. Sasa watenganishe, anza na dada yako, nikuone."

Akasimama nyuma yake. Karani alibonyeza, meno yameumana, akiapa moyoni kwamba iwe isiwe atakula naye sahani moja. Miaka kumi na mitatu ikafutika. Programu yenyewe ikamtumia Dada ujumbe, ule wa kumkaribisha kila mfanyakazi mpya.

Mlango ukafunguka. Dada aliingia na simu mkononi, macho yamejaa machozi ya kikohozi.

"Nisomee, mdogo wangu, sioni vizuri. Imeandikwa karibu. Wamekubali kunitibu?"