Shujaa Mwenye Makengeza

Ujumbe wa mama ulimkuta Haruyoshi kazini: leo ni siku ya kuwaaga wanasesere hekaluni, naye yuko njiani. Hakuaga mtu, alikimbilia treni, na mpaka Katsushika, mtaa wa mama yake, hakukaa kitini hata mara moja.

Rafu ya nyumbani kwa mama ilijaa mashujaa na madubwana ya plastiki laini, yale ya zamani hasa, kila mmoja ndani ya boksi lisilowahi kufunguliwa. Haruyoshi alikuwa akiyasaka tangu ujanani. Wenzake walipata watoto. Yeye alipata maboksi. Na hekaluni, dua ikishasomwa, kinachofuata ni moto tu.

Alimkuta mama yake, Kinue, kwenye foleni ya vikongwe uani mwa hekalu.

"Mama! Yako wapi? Usiniambie yameshaungua!"

"Salamu kwanza, mwanangu. Umekuja kama umefukuzwa na nyuki."

"Maboksi yangu, mama!"

"Yako rafuni, yanakula vumbi. Huku wanaletwa waliochezewa, waambiwe ahsante. Yale yako hayajashikwa na mtu. Yashukuriwe kwa lipi?"

Haruyoshi alicheka kwa ahueni, akageuka aondoke. Ndipo mama alipofungua kitambaa alichobeba.

Ndani alikuwa mwanasesere wa Shujaa Radi: mkono mmoja, joho la kipande cha aproni, jicho la kushoto likitazama sikio. Zamani hizo mama alikuwa akipaka macho ya wanasesere pale jikoni, kazi ya karakana ya mtaani. Huyu alimkosea jicho, karakana ikamkataa, akampa mwanawe. Mtoto alioga naye, alilala naye, alimng'ata hadi mkono ukang'oka. Haruyoshi alikuwa amemsahau kabisa, na aibu ilimshika.

"Amekaa kwenye droo yangu miaka yote," mama alisema. "Nikifa mimi, watamtupa na takataka. Bora aagwe na anayemjua."

Foleni ilisogea. Mtawa alinyoosha mikono miwili. Mama alimpa Haruyoshi mwanasesere amkabidhi yeye mwenyewe, lakini vidole vya mwanawe havikufunguka. Kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kuuzungusha ule mkono uliobaki, juu, chini, juu, kama zamani.

"Mpe basi, watu wanasubiri."

"Siwezi, mama."

Kinue alimwinamia mtawa kuomba radhi, akamvuta mwanawe pembeni.

"Haya, mchukue. Lakini umchezee. Nikisikia umemtia kwenye boksi, nakuja kumchukua."